Niliichukua

Nilisema neno moja tu, kituoni Saham,
saa nane za usiku, mate yamenikauka:
niliichukua.
Mkalimani nilimsikia kwenye simu, sikumwona.
Alikuwa akitafuna kitu.
Akalipokea neno langu, akalivusha kwenye Kiarabu chake,
likatokea ng'ambo limefungwa pingu.

Pampu ya maji, ya inchi tatu,
ya shamba la ndimu la Mzee Hilali.
Ilianza kukohoa mwezi wa sita, miti ikakunja majani.
Mwenyewe yuko Salala, kaifuata mvua ya manyunyu,
simu haishiki.
Nikaipakia kwenye toroli hadi kwa Shafkati,
fundi wa nyuma ya duka la matairi.
Usiku ule ule Shafkati akafiwa na mama.
Akapanda ndege kwenda kwao Sialkoti,
pampu ndani, ufunguo mfukoni.
Kijana wa mzee akaja, akakuta bomba linaning'inia
kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa.
Akapiga simu polisi. Mimi nilikuwa nafagia.

Siku ya kuonana, binamu Mwinyihaji alinijia mbio:
"Mombasa yuko wakili, simba kwelikweli!"
Simba wa Mombasa hapa ni picha ya kalenda.
Nikamwambia tafuta wa hapa,
aliyeandikishwa hapa, anayesimama akasikika,
anayejua karani yupi hupokea karatasi
na yupi huzilalia.

Wakachanga. Waosha magari wa Sohar,
dada wawili wa saluni, mpishi mmoja Mmakonde.
Riali tano. Riali mbili na baisa mia tano.
Mwingine hakuwa na kitu, akatoa vocha ya simu.
Majina yao yako kwenye ganda la sigara,
ninalo mpaka leo.

Bi Ghaniya aliingia na vumbi kwenye pindo la abaya,
faili kwapani, mafua.
Alianza kwa Kiarabu, mimi natikisa kichwa tu.
Akaniangalia. "Haya, hebu nambie,
hiyo pampu uliipakia kwenye motokari ya nani?"
Motokari!
Kiswahili cha bibi yake, mzaliwa wa Wete,
kilichokunjwa sandukuni na nguo za Idi.
Nilijifanya naye mafua yameniambukiza.

"Mimi si mganga," akasema. "Sipigi bao.
Nitasoma faili. Nusu ya ada sasa,
nusu baadaye, hata tukishindwa."
Hapo kwenye "hata tukishindwa" nikamwamini.

Akasoma, kidole kikitambaa toka kulia.
"Hapa umekiri kuiba."
Sikukiri.
"Umetia dole gumba."
Nilitia. Wino ulikuwa wa zambarau.
"Ulitamka nini? Kwa mdomo wako."
Niliichukua.
Akapenga kamasi, taratibu, akakunja kitambaa.
"Uliichukua ukaipeleka wapi?"
Siku kumi na tisa nimo ndani,
hakuna aliyeniuliza neno langu lilikuwa linakwenda wapi.

Mahakamani Sohar alisimama, akalitamka
kwa Kiswahili, mbele ya jaji, herufi kwa herufi.
Karani akauliza linaandikwaje.
Jaji akalijaribu, likamkwama kwenye meno.
Kisha Kiarabu chake kikaenda mbio, nikaachwa nyuma;
baadaye ndipo aliponieleza:
kwao, alisema, mama huchukua mimba, wala si mwizi;
baba huenda shule akamchukua mtoto;
safari huchukua siku tatu
na hakuna anayeikamata.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jaji hakucheka.
Aliandika, akafuta, akaandika.
Shafkati atafutwe. Mkalimani mwingine aletwe.
Jumapili, baada ya wiki mbili.

Nimerudishwa. Mwinyihaji anadai vocha haikuwa na salio.
Ile nusu ya pili sijui itatoka wapi.
Na ndimu, kwa jua hili, bila maji,
nadhani zimeshakwisha.
Hilo halimo kwenye faili.